Majibu mawili ya mguu mmoja: mapitio rika kwenye kitengo kidogo cha vipimo vya neva

Swali: Mimi ni daktari kwenye kitengo kidogo cha vipimo vya neva, tunachochea neva kwa umeme na kusoma wimbi linalonaswa. Tuko watatu, mashine moja. Mama wa miaka 58, mwenye kisukari kwa miaka 11, analalamika nyayo zinawaka moto usiku. Mwenzangu alimpima akaandika “polineuropathi ya kisukari, ya wastani”, yaani ugonjwa wa neva nyingi. Wiki mbili baadaye akarudishwa, nikampima mimi, nikaandika “kipimo cha kawaida”. Kwenye surali (neva ya hisia ya nyuma ya mguu) ya mguu wa kulia mwenzangu alipata kimo cha mikrovolti 4 na mwendokasi wa mita 38 kwa sekunde. Mimi nilipata mikrovolti 7 na mita 44. Karatasi yetu ya ukutani inasema kikomo cha chini ni mikrovolti 6 na mita 40. Daktari aliyemtuma anauliza amwamini nani. Na je, kwa watu watatu, mapitio rika, yaani kukaguana kazi sisi kwa sisi, yanawezekana kweli? Nimeambatisha mawimbi ya vipimo vyote viwili.

Jibu: Daktari, ahsante sana kwa kutuma mawimbi yenyewe. Wengi hutuma hitimisho peke yake, na kwa hitimisho peke yake hakuna anayeweza kuwasaidia. Nitaanza na huyu mama kabla ya kufika kwenye mapitio rika, kwa sababu mguu wake mmoja umebeba karibu kila kinachowatenganisha.

Tazama wimbi la mwenzako. Alama ya kwanza ya kupimia ameiweka kwenye mstari wa chini, pale wimbi linapoanza kunyanyuka, na ya pili kileleni. Amepata 4. Kwenye wimbi lako alama ya kwanza iko kileleni na ya pili iko kwenye bonde linalofuata. Umepata 7. Wimbi la neva ya hisia lina kilele na bonde, kwa hiyo anayepima kutoka kilele hadi bonde atapata namba kubwa kuliko anayeanzia mstari wa chini. Ukilipima wimbi lako kwa namna ya mwenzako unapata kama 4 na nusu, na la kwake kwa namna yako linakaribia 7. Neva hii haikubadilika ndani ya wiki mbili. Mlitumia rula mbili tofauti.

Sasa swali linahamia ukutani: ile 6 ya kwenye karatasi yenu ilitoka wapi, na aliyeiweka alipimaje? Kama aliipata kwa kupima kutoka mstari wa chini, basi nyote wawili mna wimbi lililo chini ya kikomo na wewe umekosea kuandika “kawaida”. Kama aliipata kwa kupima kilele hadi bonde, nyote wawili mna wimbi lililo juu ya kikomo na mwenzako ndiye aliyekosea. Utambuzi wa ugonjwa wa mtu umening'inia kwenye mstari mmoja wa maelezo ambao karatasi haina. Namba ya kikomo isiyotaja namna ya kupima, umbali, joto na umri wa watu waliopimwa, ivueni ukutani leo hii.

Mwendokasi nao una habari yake. Fomu yako imeandikwa joto la ngozi 32.5, sehemu hiyo kwenye fomu ya mwenzako iko tupu. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopungua hupunguza mwendokasi kwa takribani mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde. Tofauti yenu ya mita 6 inaweza kuelezwa na mguu uliopoa kwa nyuzi tatu hivi, na mguu hupoa kiasi hicho bila shida kama mgonjwa amekaa bila viatu kwenye chumba chenye kiyoyozi akisubiri zamu. Lakini hapa wengi huteleza: baridi hupunguza mwendo na wakati huohuo *hukuza* kimo cha wimbi. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba kimo kidogo cha mwenzako kimesababishwa na baridi. Kama mguu ulikuwa wa baridi, basi ukipashwa joto mwendokasi utapanda na kimo kitashuka kidogo. Anayefanya mapitio bila kujua joto hawezi kuzisoma hizi namba mbili kwa pamoja.

Umbali nao hauonekani popote kwenye fomu zote mbili. Nadhani mnatumia sentimita 14, kama wengi. Kosa la sentimita moja hapo ni asilimia 7, yaani karibu mita 3 kwa sekunde kwenye neva inayokwenda mita 40. Na hili ni kosa dogo. Mkipima alna, neva ya mkono, kupita kiwiko kwa sentimita 10, sentimita moja ni asilimia 10. Zaidi ya hapo, mkono ukiwa umenyooka neva ya alna hulegea ndani, tepu ya juu ya ngozi ikapima njia fupi kuliko ile neva inayopita, na mwendo ukaonekana umepungua wakati haujapungua. Ndiyo maana kiwiko hukunjwa nyuzi 70 hadi 90 na hubaki hivyo wakati wa kuchochea na wakati wa kupima umbali pia. Mtu akikunja kwa kuchochea kisha akanyoosha ili apime kwa tepu, ametengeneza ugonjwa.

Jambo la mwisho kuhusu ripoti zenu mbili ni idadi ya vipimo. Mwenzako alipima vitu kumi, wewe vitatu. Kama kila kikomo kimewekwa ili asilimia 2.5 ya watu wazima wa afya waanguke nje yake, na vipimo havitegemeani, basi mtu mzima wa afya anayepimwa vitu kumi ana uwezekano wa asilimia 22 wa kupata angalau kimoja “kibovu”. Kwa hiyo kipimo kimoja kibovu kati ya kumi hakibebi jina la ugonjwa. Ufafanuzi uliotolewa mwaka 2005 na American Academy of Neurology pamoja na vyama viwili vingine vya Marekani unataka kasoro kwenye neva mbili tofauti, moja ikiwa ni surali, ndipo polineuropathi ya ncha za mwili ikubalike kwa kipimo. Kwa mwenzako surali peke yake ndiyo iliyo chini ya kikomo chake. Peronei, neva ya mwendo ya mguu, iko ndani, ingawa kwa shida. Neno “ya wastani” halina pa kusimama.

Ila na lako, “kipimo cha kawaida”, limesema kingi mno. Nyayo zinazowaka usiku kwa mtu wa kisukari mara nyingi ni kazi ya neva nyembamba, zile zinazobeba maumivu na joto, na kipimo chetu hakizioni kabisa. Kinaona neva nene tu. Mgonjwa anaweza kuwa na neuropathi ya kweli na mawimbi yote yakawa mazuri. Daktari anayesoma “kawaida” atamwambia mama hana kitu, na mama atarudi nyumbani kutembea peku kwenye sakafu yenye vipande vya chupa asivyovihisi.

Kwa hiyo jibu kwa aliyemtuma ni kwamba ripoti zote mbili zisitumike na mama apimwe upya kwa utaratibu mmoja. Nitarudi kwake mwishoni.

Mapitio rika hayaanzi na ripoti

Mkianza kwa kubadilishana hitimisho na kuulizana “unakubali?”, mtabishana mwaka mzima na hamtafika. Peter J. Dyck na wenzake wa Mayo Clinic walichapisha mwaka 2010 jaribio ambalo kila kitengo cha neva kinapaswa kulijua. Madaktari 12 wataalamu waliwachunguza wagonjwa 24 kwa siku mbili mfululizo, wagonjwa wakiwa wamefichwa sura na sauti ili daktari asimtambue aliyemwona jana. Jumla ni mitihani 576. Kutoka daktari hadi daktari, dalili walizoandika na utambuzi walioufikia vilipishana kupita kiasi, na tabia iliyojitokeza ni kuona ugonjwa pale ambapo haupo. Baadaye madaktari walikaa wakakubaliana mapema kwamba dalili ihesabiwe tu pale ambapo kasoro ni dhahiri isiyo na ubishi, kwa kuzingatia umri, jinsia, urefu, uzito na mazoezi ya mtu. Ustadi wao ukapanda.

Kundi hilohilo likajaribu na vipimo vya umeme, safari hii kwa wataalamu wanne. Kila mmoja alipojirudia mwenyewe, namba zake zilikuwa thabiti. Walipolinganishwa mmoja na mwingine, namba zikatofautiana, na sababu iliyotajwa ni kwamba walitumia mbinu tofauti. Yaani mtu anaweza kukubaliana na nafsi yake miaka ishirini na bado akawa hapimi anachopima mwenzake wa chumba cha pili. Ninyi ndivyo mlivyo sasa, na hakuna sababu ya kuona aibu. Mabingwa wa dunia walikuwa hivyohivyo.

Hivyo kazi ya mwezi wa kwanza ni karatasi moja ya utaratibu, iliyosainiwa na watatu. Andikeni kwa kila neva: elektrodi ya kunasa inakaa wapi, ya rejea wapi, umbali kwa sentimita, alama zinawekwa wapi kwenye wimbi, na latensi (muda tangu kuchochea hadi wimbi lifike) inasomwa mwanzoni mwa wimbi au kileleni. Vichujio vya mashine viandikwe pia, maana kuna anayevigusa akasahau kuvirudisha: kwa neva za hisia weka 20 Hz hadi 2 kHz, kwa neva za mwendo 2 Hz hadi 10 kHz. Ukiinua kile cha chini, wimbi hupungua kimo na kilele kinafika mapema bila mgonjwa kuwa na lolote. Joto: mkono usipungue 32, mguu usipungue 31, na namba iandikwe kwa kila kiungo kabla ya kuchochea. Mguu wa baridi uwekwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30. Ngozi hupata joto mapema kuliko neva iliyo ndani, kwa hiyo dakika tano za taa ya joto hudanganya kipimajoto na hazidanganyi neva. Kwa mgonjwa wa kisukari asiyehisi, maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mhudumu, kamwe si kwa mguu wake.

Nguvu ya kuchochea inahitaji sentensi yake. Ongezeni mpaka wimbi liache kukua, kisha ongezeni asilimia 20 hadi 25 juu ya hapo, mkome. Anayeishia chini, kwa kumwonea mgonjwa huruma au kwa sababu mguu umevimba, atapata wimbi dogo na kuliita upotevu wa aksoni (nyuzi za neva); akifanya hivyo sehemu ya juu tu, ataliita kizuizi cha mwendo, yaani umeme kukwama njiani, na mgonjwa ataanzishiwa steroidi. Anayezidisha sana, umeme unarukia neva ya jirani.

Karatasi ikishasainiwa, jaribuni kwenye miili yenu. Chagueni watu watano wenye afya, wahudumu waliokubali wenyewe, kila mmoja wenu awapime surali, peronei, na mediani (neva nyingine ya mkono) ya hisia na ya mwendo, leo na baada ya siku saba, bila kuona namba za wengine. Alama za kalamu zifutwe kila anapomaliza mtu, vinginevyo mtakuwa mnapima alama za aliyetangulia. Msitarajie namba zilingane. Kimo cha wimbi ndicho kinachoyumba zaidi, latensi ya wimbi la F (la umeme uliopanda hadi uti wa mgongo ukarudi) ndiyo inayoyumba kidogo kuliko zote. Mnachotafuta ni mtu ambaye namba zake zote zimeegemea upande mmoja. Akiwa kila mara mwendo wake uko juu kuliko wa wenzake, mwangalieni anavyoshika tepu. Mara nyingi utakuta anaifuata mikunjo ya ngozi badala ya kuivuta ikanyooka, au anaanzia kwenye ncha isiyo ya katodi (ncha hasi ya kichochezi).

Jinsi ya kuchagua kesi na kuzisoma

Hapo sasa ndipo mapitio rika yenyewe yanaanza. Kila mwezi chukueni kila ripoti ya kumi kwa mpangilio wa daftari, bila kuchagua. Anayechagua atachagua zile alizojivunia. Ongezeni juu yake ripoti *zote* zenye majina mazito: polineuropathi sugu ya kinga kushambulia mielini (ganda la neva), Guillain-Barré (ile ya ghafla), ugonjwa wa niuroni za mwendo. Nasema zote kwa sababu hapo kosa lina gharama kubwa. Allen na Lewis walichapisha mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa waliotumwa kwao wakiwa tayari wameitwa wenye hiyo polineuropathi sugu ya kinga: asilimia 47 hawakukidhi vigezo. Miongoni mwa waliochanganywa ni watu wa kisukari, ambao mwendo wao umepungua kwa sababu aksoni zenye kasi zimekufa, siyo kwa sababu mielini imeng'olewa. Mwenye kisukari akipewa prednisoloni kwa kosa la namna hii, sukari inapaa.

Kila kesi iandaliwe na mtu asiyeisoma. Karani au mtaalamu wa mashine anatosha. Ndani ya bahasha kuwe na swali la aliyemtuma mgonjwa, umri, urefu, jedwali la namba, mawimbi yote yakiwa na alama zake, joto, na matokeo ya sindano inayoingizwa kwenye msuli kunasa umeme wake. Hitimisho liondolewe. Jina, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa viondolewe pia. Hata mkikaa chumba kimoja, taarifa za afya ni nyeti mbele ya sheria, kwa Tanzania ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na kwa Kenya ya mwaka 2019.

Msomaji ana kazi mbili, na mpangilio wake una uzito. Kwanza anafungua mawimbi bila kusoma swali la daktari, anaandika kama kipimo kimefanyika sawasawa: joto, nguvu ya kuchochea, mstari wa chini uliotulia, alama mahali pake, neva zilizopimwa zinatosha. Kisha ndipo anasoma swali na kuandika hitimisho lake. Ukisoma kwanza “mgonjwa ana mgongo unaoshuka mguuni, je neva imebanwa L5 (pingili ya tano ya kiuno)?”, jicho litaanza kutafuta L5 na litaipata.

Kwa kipimo cha sindano hili ndilo jambo lenye hatari zaidi, maana wimbi likishapita limepita. Wekeni sheria kwamba kila sehemu yenye shughuli isiyo ya kawaida irekodiwe sekunde kumi, *pamoja na sauti*. Fibrilesheni, mipigo ya nyuzi za msuli zilizokosa neva, hulia kwa mpigo unaopimika, kama matone ya mvua kwenye bati, na kila mpigo huanza kwa kushuka upande wa chanya. Mahali neva inapoingilia msuli pana mipigo inayofanana nayo ambayo ni ya kawaida kabisa, ila hiyo hulia ovyo kama mafuta yanayochachatika kikaangoni, huanza kwa kupanda upande wa hasi, na mgonjwa hulalamika maumivu ya ghafla sindano ikifika hapo. Karatasi iliyoandikwa “fibrilesheni 1+” bila rekodi haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Na hiyo 1+ iandikwe tu ikiwa zimeonekana zikidumu sehemu mbili tofauti za msuli mmoja.

Zipo kesi ambazo wasomaji watatofautiana na kipimo ni sahihi, na hizo zina utamu wake. Wimbi la alna likiwa kubwa kwenye kifundo na dogo kwenye kiwiko, mmoja atasema kizuizi cha mwendo. Kabla hajaandika, amchochee mediani kwenye kiwiko akinasa kwenye misuli ileile ya alna. Kuna watu wengi, kati ya asilimia 15 na 30 kwa hesabu zinazotajwa, ambao nyuzi zao hutoka mediani na kuingia alna katikati ya mkono. Ni maumbile ya Martin-Gruber wala si ugonjwa. Peronei ikitoa wimbi kubwa gotini kuliko kwenye kifundo cha mguu, chochea nyuma ya kifundo cha nje kabla hujamlaumu mpimaji.

Nyingine ni tarehe. Mgonjwa wa Guillain-Barré aliyepimwa siku ya nne na yule yule aliyepimwa wiki ya tatu ni majibu mawili yanayotofautiana na yote ni sahihi. Neva iliyokatwa Jumatatu bado itapitisha umeme chini ya jeraha hadi siku kadhaa zipite, na fibrilesheni huchelewa wiki mbili hadi tatu. Fomu isiyo na siku ya kuanza kwa dalili irudishwe ijazwe.

Na huku kwetu kuna swali moja ambalo fomu za Ulaya huwa hazilibebi: je, sura ya ugonjwa inafanana na kilichoandikwa? Kisukari hupanda taratibu kutoka vidoleni, kulia na kushoto kwa pamoja. Mkikuta alna moja imepungua mwendo kiwikoni, radiali ya hisia upande mwingine haipo, na surali moja tu imekufa, mshikeni mgonjwa kiwiko mpapase neva, mtafute na mabaka yasiyohisi. Ukoma bado upo, na umejificha mara nyingi nyuma ya jina la kisukari. Vilevile ulizeni dawa: isoniazidi bila piridoksini, na metformini ya miaka mingi inayoshusha vitamini B12. Yapo makosa ambayo wasomaji watatu wanayafanya kwa kukubaliana kabisa.

Kikao, na namna ya kuhesabu makubaliano

Dakika 45 zinatosha kwa kesi sita. Kila mtu aje na hitimisho lake limeandikwa na kusainiwa kabla ya kuingia, na mdogo kuliko wote azungumze kwanza. Kwenye vitengo vyetu heshima kwa mkubwa ni jambo jema, ila kwenye kikao hiki inaua ukaguzi: bingwa akisema “hii ni radikulopathi” (ugonjwa wa mzizi wa neva mgongoni), karatasi mbili zilizobaki hukunjwa mfukoni.

Tofauti zipangwe kwa uzito wa madhara yake. Sifuri, hakuna tofauti. Moja, maneno au kiwango cha ukali. Mbili, jina la ugonjwa limebadilika lakini matibabu hayabadiliki. Tatu, matibabu yanabadilika. Kwa daraja la tatu kikao kinasimama, daktari aliyemtuma mgonjwa anapigiwa simu siku hiyohiyo, na ripoti ya marekebisho inatoka ikiwa na tarehe mpya na sababu. Ya zamani haifutwi kwenye faili. Majina ya waliokosea yasiende kwa mkurugenzi wala kwenye tathmini ya kazi ya mwaka. Siku yatakapokwenda, watu wataanza kuandika “tafadhali linganisha na dalili za mgonjwa” kwenye kila ripoti, sentensi isiyokosea kamwe na isiyomsaidia mtu.

Kuhesabu asilimia ya kukubaliana peke yake hudanganya. Chukua kesi 40, wasomaji wawili. Wote wamesema “mbovu” kwenye 26, wote “kawaida” kwenye 6. Wa kwanza peke yake amesema mbovu kwenye 5, wa pili peke yake kwenye 3. Wamekubaliana 32 kati ya 40, asilimia 80, na wanapongezana. Lakini wa kwanza amesema mbovu mara 31 na wa pili mara 29. Hata wangekuwa wanabahatisha kwa viwango hivyo, wangekubaliana kwa (31 × 29 + 9 × 11) ÷ 1600, yaani asilimia 62. Kappa ya Cohen huondoa hiyo bahati: (0.80 − 0.62) ÷ (1 − 0.62), ambayo ni 0.47. Kwa viwango vinavyotumika sana tangu 1977 hayo ni makubaliano ya wastani tu. Ifanyeni hesabu hii kila miezi sita, kwa kesi zisizopungua 40, na iangalieni kwa kila aina ya swali: huenda mko vizuri kwenye handaki la kifundo cha mkono (mediani kubanwa hapo) na mko vibaya kwenye radikulopathi.

Kwa handaki hilo, acheni kuhesabu kasoro moja moja. Jumlisheni tofauti tatu: mediani na alna kwenye kidole cha pete kwa sentimita 14, mediani na radiali kwenye kidole gumba kwa sentimita 10, mediani na alna kutoka kiganjani kwa sentimita 8. Jumla ikifika milisekunde 1.0 ni mbovu. Namba moja iliyojumlishwa hupunguza ubishi kuliko namba tatu ambazo kila mtu anachagua anayoipenda.

Mtakapokuwa mmeelewana ninyi watatu, jihadharini: mlifundishwa na watu walewale. Kuelewana kwenu kunaweza kuwa ni kosa moja lililorithiwa. Tafuteni kitengo kingine, mji mwingine au nchi jirani, mbadilishane kesi kumi kila robo mwaka zikiwa zimeondolewa majina. Mradi wa ESTEEM wa Ulaya, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulifanya hivi kwa madaktari wa nchi mbalimbali: kila mmoja alituma kesi zake kwa njia ya kompyuta, wengine wakazisoma kila mtu peke yake, kisha wakakutana kutafuta hitimisho la pamoja. Walikuta hata idadi ya neva na misuli inayopimwa kwa swali moja ilitofautiana sana kati ya maabara. Kilichohitajika miaka ile kilikuwa mtambo maalumu. Leo faili la PDF na simu vinatosha.

Yule mama

Mwiteni wiki hii, na asilipishwe. Mguu upashwe joto hadi 31 au zaidi. Pimeni surali miguu yote miwili kwa sentimita 14, wastani wa mawimbi yasiyopungua kumi, alama kutoka mstari wa chini hadi kilele, na kikomo kilichopatikana kwa njia hiyohiyo kwa watu wa umri wake. Halafu peronei ya mwendo upande mmoja. Zikiwa nzuri zote, simameni hapo. Moja ikiwa mbovu, endeleeni na tibiali, kisha alna na mediani za upande huo. Apime mmoja wenu, na wawili wasome bila kuonana.

Mkimaliza umeme, mguseni kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na kwa uma wa sauti wa 128 Hz, na mchome taratibu kwa kijiti chenye ncha kuanzia vidoleni kwenda juu. Mtazameni kati ya vidole na chini ya visigino. Aangaliwe vitamini B12 kama anatumia metformini. Mawimbi yakitoka mazuri na mchomo wa ncha hausikiki tena, ripoti isomeke hivi: “Neva nene zilizopimwa ziko ndani ya viwango. Kipimo hiki hakipimi neva nyembamba. Dalili na uchunguzi wa mguu vinaelekeza kwenye neuropathi ya neva nyembamba.” Muandike na joto la mguu chini ya sentensi hiyo, na saini zenu tatu.